Msichana wa Uji

Ukurasa ule ulisomewa jikoni kwa Phyllis, na aliyeusoma alikuwa mtoto mwenye jina lililokuwemo.

Jioni yenyewe haikuwa na neno. Phyllis alikuwa anakata sukuma wiki. Mama mkwe wake alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, akiambua maharagwe kwa kupapasa, maana macho yalikwisha kumwacha zamani. Nyawira mdogo, wa gredi ya sita, alikuwa ameinamia kitabu kipya chini ya taa ya sola. Jaladani palikuwa na picha ya Jenerali Kahiga, nywele zimesokotana hadi mabegani, koti la ngozi limefungwa kwa kamba.

Mwaka ule serikali ilikuwa imepitisha sheria: kila shule ifundishe maisha ya Jenerali na barua alizoandika gerezani kabla ya kunyongwa na mkoloni. Zifundishwe zote, neno kwa neno, pasiwe na mwalimu wa kuchagua hili na kuacha lile. Redio ilishangilia wiki nzima. Kamurugu, kijiji kilichoko juu ya Kiganjo pale mashamba yanapogusana na msitu, kilishangilia kuliko redio, kwa sababu Jenerali alikuwa mtoto wao. Walichinja, wakaimba, wakasema sasa nchi imetukumbuka. Hakuna aliyekuwa amezisoma hizo barua.

"Soma kwa sauti," Phyllis alimwambia mtoto. "Hata sisi tumsikie huyo Jenerali."

Ndiye aliyeyasema hayo. Baadaye aliyakumbuka na kujilaumu, kana kwamba asingesema, kitabu kingejifunga chenyewe.

Mtoto akasoma kwa ile sauti ya darasani, yenye kunyoosha kila neno. "'Tulipokuwa pangoni, uji uliletwa na msichana mmoja. Tulimwita msichana wa uji, na tulimpenda kama dada. Siku askari walipotuingilia, walipita njia aliyoijua yeye peke yake. Vijana wangu saba walikufa pale. Mimi naenda kunyongwa, lakini sitaki kunyongwa na jina lake moyoni. Watoto wa nchi hii walijue. Ni Nyawira wa Kinyua, wa Kamurugu.'"

Mtoto akaruka kwa furaha, akamgeukia bibi yake. "Shosho! Ni jina yetu! Uko ndani ya kitabu!"

Mtoto akarudi kwenye mistari ile, akaisoma tena kimya kimya, midomo ikichezacheza. Phyllis aliuona uso wake ukibadilika polepole, furaha ikitoka na kitu kingine kikiingia, na akatamani kumfunika macho.

Vidole vya mama mkwe vilikuwa vimesimama. Kisha vikaendelea na maharagwe.

"Endelea kusoma," kikongwe akasema. "Hapo hapajaisha."

Lakini barua ilikuwa imeishia hapo.

*

Asiyejua mambo ya Wakikuyu atashangaa jina linamtesaje mtoto. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na akishapewa hawi mtoto tu. Anakuwa bibi mwenyewe, amerudi mdogo. Muriithi, mume wa Phyllis, hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Alimwita maitu, yaani mama yangu, na akimgombeza alimgombeza kwa adabu, kama mtu anayemgombeza aliyemzaa. Phyllis naye hakuwa Phyllis tena kijijini. Alikuwa Mama Nyawira, sokoni, kanisani, kila mahali.

Shuleni walimpa mtoto jina jipya kabla wiki haijaisha. Walimwita Uji.

Kila siku saa nne shule hugawa uji, na watoto hupanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Nyawira alipopanga, aliyekuwa nyuma yake alitoka kwenye foleni. Kisha mwingine. Walisema uji alioushika Nyawira ukiunywa, askari watakuja. Ulikuwa mchezo tu, watoto hucheza. Siku ya tatu alimkuta mpishi naye anamimina uji wake pembeni, kwa kikombe kilichotengwa, na mpishi hakuwa mtoto.

Phyllis alienda kumwona mwalimu wa darasa. Mwalimu Mutuma alikuwa kijana wa kutoka Meru, mpole, mwenye viatu vilivyopakwa rangi hadi kwenye soli. Alimtolea kiti nje ya darasa, chini ya mti wa mkristina, naye akabaki amesimama.

"Mama Nyawira, mimi nakuelewa," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini sheria inasema barua zisomwe zote. Nikiruka moja, mkaguzi akikuja, ni mimi."

"Sisemi uruke barua. Ruka jina tu."

"Nimejaribu. Nililimeza hivi, nikajifanya nakohoa." Akatazama viatu vyake. "Watoto ndio hulisema. Darasa lote, kwa pamoja. Ati wanalingojea."

"Na yeye anafanya nini wakilisema?"

"Anasema pia, mama. Anasema na wao. Nadhani anaogopa akinyamaza wataona mdomo wake."

Phyllis alifika nyumbani asijue alipitia njia gani. Alikuta madaftari ya mtoto yamepangwa mezani. Kwenye kila jalada jina la Nyawira lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, karatasi ikabaki nyeupe na nyembamba. Lilibaki la ubatizo, Gladwell, na la baba, Muriithi.

*

Kijiji hakikuwa na haraka ya kumtukana mtu. Kilianza na salamu. Kwenye kituo cha maziwa wanawake waliacha kumwita Mama Nyawira, wakawa wanasema Phyllis, kama watu wa benki. Kanisani benchi lake likawa na nafasi. Siku moja akiwa kwenye foleni na ndoo yake, mwanamke mmoja akacheka na kusema mbele ya wote: "Hayo maziwa muangalie vizuri, hiyo boma hujua kuuza." Watu wakacheka, na Phyllis akajikuta ameinua mashavu kucheka nao. Hilo lilimuuma kuliko maneno yenyewe.

Dedan ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Alikuwa mjukuu wa Jenerali, mtu mzito wa mwili na mpole wa kauli, na tangu sheria ipite alivaa suti siku za kazi. Phyllis alimvuta kando.

"Dedan, ongea na watu. Wewe wakikusikia wataacha. Ni mtoto tu."

Dedan alifuta mikono yake kwa kitambaa, akafuta hata mahali palipokuwa pamekauka.

"Phyllis, nikuulize. Wewe unamwosha mama mkwe wako?"

"Namwosha."

"Unampikia? Akikufa utamzika pale chini ya parachichi, si ndio? Utaweka maua." Sauti yake haikupanda. "Sisi babu yetu hatujapewa hata mfupa. Gereza lilimmeza. Baba yangu alikufa akiuliza. Hii kitabu ndio kaburi yetu. Sasa unataka nianze kufuta maneno kwa kaburi?"

Yule mtu alikuwa anasema kweli. Ubaya wa jambo hili lote ulikuwa huo: kila aliyemwendea alikuwa na ukweli wake mkononi, na ukweli wa kila mmoja ulimpiga mtoto yule yule.

*

Muriithi alikuwa fundi wa kuchonga mawe machimboni, mtu wa maneno machache na vumbi jingi. Usiku ule hakula.

"Nitamhamisha," alisema. "Aende kwa dada yako Watiri, Kerugoya. Huko hakuna mtu anatujua. Ataandikwa Gladwell Muriithi, basi."

"Na Nyawira?"

"Hilo liishe."

"Mama yako bado anapumua, Muriithi. Huwezi kumvua mtoto jina mwenyewe akiwa hai. Huko ni kumzika akisikia."

"Kwani mimi sijui?" Alisema kwa nguvu, kisha akashusha sauti kwa sababu ya ukuta wa mbao uliowatenga na kitanda cha mama yake. "Unafikiri napenda? Nitamwita nani maitu? Lakini jana nimemkuta nyuma ya choo anajifunza kuandika sahihi mpya."

Hakumuuliza mama yake kama ni kweli. Phyllis alimngoja aulize, siku baada ya siku, na hakuuliza. Kuna maswali mwana wa kiume hawezi kumwuliza mama bila kumvua nguo.

*

Jumamosi Phyllis alipasha maji, akaingia nayo bafuni, akamketisha kikongwe kwenye jiwe.

Tangu aolewe katika boma lile, na hasa tangu macho ya mama mkwe yafifie, yeye ndiye aliyemwosha. Aliujua mwili ule kuliko alivyoujua wake. Alijua mgongo uliokuwa na mistari minene inayopishana, na mapaja yenye mabaka yaliyong'aa ambayo hayakupata jua tangu ujana. Alijua na pale pengine, ambapo kitambaa kilipita upesi na mdomo ukafungwa. Mkwe haulizi. Alijiambia ni moto, ni ajali, ni ugonjwa wa zamani. Alijua pia kwamba mama huyu alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, kisha akampata Muriithi peke yake, uzeeni, watu wakamwita muujiza.

"Hicho kitabu," kikongwe akasema maji yakimtiririka, "kinasema nilipewa nini?"

"Hakisemi, mama."

"Hakisemi." Akacheka kidogo puani. "Walinzi wa mkoloni walipewa mashamba. Machifu walipewa mabati. Lete mkono."

Akaushika mkono wa Phyllis wenye sabuni, akaupeleka mgongoni, kwenye mistari ile, akaupitisha polepole kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Askari walinikamata na kibuyu cha uji. Nilikuwa msichana wa kufungia nywele kwa uzi, sijajua mwanamume. Nilichofanyiwa pale kambini sitakisema kwa maneno, wewe umekiosha. Nilinyamaza. Kisha wakamleta ndugu yangu mdogo, wakamwinamisha mbele yangu. Hapo nikasema njia." Akaubana mkono ule. "Nilisema, Phyllis. Usije ukaniambia sikusema. Wale vijana nilikuwa nawajua kwa unywaji wao. Mmoja alikuwa anapuliza uji hata ukiwa baridi. Ndugu yangu naye wakampiga risasi baada ya kusema. Kwa hiyo nilimwuza Jenerali bure."

Phyllis alilia bila sauti. Alishukuru Mungu kwamba yule mama hakuwa na macho, kisha akaona aibu kwa shukrani hiyo.

"Muriithi anajua?"

"Mwana wa kiume aambiwe nini kuhusu mwili wa mama yake?" Kikongwe akanyoosha mkono apewe taulo. "Mtoto ameacha kuitika. Jana nimemwita Nyawira mara mbili, akaitika ya tatu. Hiyo siku ya Jenerali wanayoiandaa shuleni, nipeleke. Wamesoma barua yake. Basi wasome na yangu."

Phyllis alidhani anataka kusema. Aliona moyoni mwake jinsi kijiji kitakavyosikia, jinsi Dedan atakavyoinamisha kichwa, na jinsi mtoto atakavyoweza tena kuandika jina lake lote kwenye daftari. Alikubali. Alimwambia Muriithi asubiri, asimhamishe mtoto kabla ya siku hiyo. Muriithi akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyetumaini lakini aliyechoka kukataa.

*

Siku ya Jenerali walifunga mahema mawili uwanjani. Wazee walikaa mbele na kofia zao, wageni wa kaunti wakakaa kwenye viti vya kukodi vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Mlima ulikuwa umejifunua wote, na upepo uliotoka huko ulikuwa mkali.

Phyllis alimwingiza mama mkwe kwa mkono. Alimvalisha gauni la kanisani lenye vifungo mbele, sweta, na kitambaa cha kichwa. Minong'ono ilipita kwenye mahema. Muriithi alikuwa amesimama nyuma, karibu na ua, kofia mkononi.

Gredi ya sita wakasimama kukariri. Walisoma barua ya pango kwa pamoja, kwa ishara za mikono walizofundishwa. Walipofika mwisho wakanyoosha vidole mbele, wote kwa mpigo: "Ni Nyawira wa Kinyua, wa Kamurugu!" Nyawira mdogo alikuwa mstari wa pili. Naye alinyoosha kidole.

Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua walipokumbuka ni nani aliyeketi pale. Kikongwe akasimama.

Dedan, aliyekuwa mshereheshaji, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. "Kama mama amekuja kuomba msamaha," alisema, "mimi kama damu ya Jenerali, nasema apewe nafasi."

Phyllis akamwongoza hadi mbele. Dedan akampa kipaza sauti, naye akakisukuma kwa upole.

"Sina maneno," kikongwe alisema. "Maneno yote yako kwa kitabu."

Akavua sweta. Akaanza kufungua vifungo.

Hapo ndipo Phyllis alipoelewa, na akawa amechelewa. Mahali pengine popote duniani labda wangemwona kama mzee anayeonyesha makovu yake. Lakini wale walikuwa watu wa Kamurugu, na kila mmoja wao tangu utotoni alijua jambo moja: mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, akivua nguo mbele ya watu, anawalaani. Anawarudisha pale walipotokea na kuwafungia mlango. Ukiutazama uchi huo, uzao wako umekwisha, na hakuna mbuzi wa kuusafisha.

"Anatulaani!" mzee mmoja akapiga kelele.

Viti vikaanguka. Wazee waliokuwa hawawezi kutembea bila fimbo walikimbia bila fimbo. Wanawake walifunika nyuso za watoto kwa leso. Wageni wa kaunti hawakungoja kuelezwa. Mwalimu Mutuma alikusanya darasa lake, akalisukuma kuelekea madarasani akilia, "Msiangalie! Msigeuke!" Phyllis alimwona binti yake akiondoka katikati ya wenzake, sweta limevutwa juu ya kichwa, anaongozwa kama kipofu. Dedan alisimama muda kidogo, mgongo amewageuzia, mabega yanatetemeka. Kisha naye akaenda.

"Si laana!" Phyllis alipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Hamjaelewa! Angalieni mgongo! Angalieni tu mgongo!"

Muriithi hakukimbia. Alianguka kifudifudi pale karibu na ua, kofia amejibandika usoni, akirudia neno moja: maitu, maitu, maitu. Alikuwa mwana pekee wa mwanamke yule, na kati ya watu wote wa dunia, yeye ndiye aliyekatazwa zaidi kutazama.

Kikongwe hakuona lolote kati ya hayo. Alisimama gauni likiwa kiunoni, ameupa uwanja mgongo, mikono ameikunja kifuani kwa sababu ya baridi. Mistari ile ilionekana vizuri sana kwenye jua la asubuhi. Nyuma yake kulikuwa na viti vyeupe vilivyopinduka na karatasi za ratiba zinazopeperuka.

"Wanaona?" akauliza.

Phyllis alitazama uwanja ule mtupu.

"Wanaona, mama."

"Wanasema nini?"

"Wamenyamaza."

"Vizuri," kikongwe akasema, na mwili wake wote ukalegea kama wa mtu aliyetua kuni. "Waache wanyamaze. Nivalishe sasa, nasikia baridi."

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Mchungaji aliuombea uwanja, akaunyunyizia maji kila kona. Wazee walituma ujumbe kwamba boma la Muriithi litoe dume la mbuzi la rangi moja, na Muriithi alilitoa bila kubishana, ingawa wao wenyewe walisema halitasaidia kitu. Kituo cha maziwa kiliacha kupokea ndoo ya Phyllis. Waliosema siku zote kwamba yule mama ni msaliti walipata la kuongeza, na wale wachache waliomhurumia waliacha. Kitabu kilibaki mezani mwa kila mtoto, na barua ya pango ikawekwa kwenye mtihani.

Phyllis alijaribu kueleza. Aliwaambia wanawake watatu aliowaamini kuhusu makovu. Walimsikiliza hadi mwisho, wakitazama chini, kisha mmoja akamwuliza kwa woga kama yeye amewahi kuutazama mwili ule. Aliposema ndiyo, hawakuja tena kwake.

Mtoto alipelekwa Kerugoya. Aliondoka asubuhi, bibi yake akiwa amelala, wala hakutaka aamshwe. Muriithi alimbebea sanduku hadi barabarani. Alitaka kumuaga, akafungua mdomo, na lile neno alilomwita tangu azaliwe likakwama. Mwishowe akasema, "Haya basi, wewe. Soma kwa bidii."

Kikongwe aliambiwa mtoto amepata shule nzuri. Hakushangaa. Siku zile alikuwa mchangamfu kuliko Phyllis alivyowahi kumwona. Alikula, aliimba nyimbo za kupalilia, na mara nyingi alirudi kwenye siku ile.

"Walinyamaza kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Hata Dedan?"

"Alitetemeka mabega."

"Maskini. Damu ni damu." Kisha angeambua maharagwe kidogo. "Sasa mtoto anasoma bila kusumbuliwa."

"Anasoma, mama."

Phyllis hakuwa mwongo kwa asili. Uongo huu aliulea kama mtu anavyolea moto wa jirani uliokabidhiwa kwake: asingeweza kuuacha uzime, na kila siku ulimla kuni.

*

Likizo ya Agosti, kwenye ukungu na manyunyu, mtoto alirudi. Alikuwa amerefuka. Dada yake Phyllis alikuwa amempigia simu mapema kumsifu: Gladwell ni wa kwanza darasani, na somo alilopita sana ni lile la Jenerali. Huko nako wanasoma kitabu kile kile, barua ile ile. Mwalimu wao humsimamisha asome kwa sababu ana sauti nzuri.

Aliingia jikoni, akaweka begi chini. Kikongwe akainua uso kutoka kwenye kigoda chake. Hatua zile alizijua.

"Nyawira," akaita, na kunyoosha mikono yote miwili.

Mtoto akasimama mlangoni. Akamtazama mama yake. Phyllis alimwomba kwa macho, akamwomba kwa kichwa, akaweka hata mkono kifuani. Lakini mtoto alikuwa amefanya kazi muhula mzima kujenga mtu mpya, amemjenga peke yake, mbali na kwao, na hakuwa tayari kumbomoa kwa sababu ya mikono miwili iliyonyooshwa.

"Mimi naitwa Gladwell, shosho."

Kuni zikapasuka motoni. Mikono ile ilibaki hewani muda, kisha ikashuka kidogo kidogo hadi magotini.

"Phyllis."

"Naam, mama."

"Siku ile. Waliona?"

Phyllis alifungua mdomo aseme waliona. Alikuwa amelisema mara nyingi, ulimi ulilijua wenyewe. Safari hii halikutoka.

Kikongwe akangoja. Alingoja kwa subira kubwa, akiwa amegeuza sikio. Kisha akatikisa kichwa polepole, akainama na kufunga kifungo cha juu cha sweta lake, na kilichofuata, na kilichofuata, hadi cha chini.

"Karibu, Gladwell," akasema kwa sauti ya kumkaribisha mtu aliyetoka mbali. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Mtoto alikuwa ameanza kulia, lakini alilia kama wakubwa, uso umesimama.

"Mpe mgeni uji," kikongwe akamwambia Phyllis. "Kuna baridi."

Phyllis akamimina uji kwenye kikombe, akauweka mbele ya binti yake. Walikaa watatu, moto katikati, na uji ukapoa hadi ukafanya utando juu.